Kupongeza kwa Kiswahili rasmi: maana ya kitenzi, mahali pake, na namna ya kuandika pongezi zenye uzito

Kitenzi pongeza kimeenea kila mahali. Kimo katika vichwa vya habari, risala za mahafali, mihtasari ya vikao vya vijiji, na hotuba za wabunge ambao huanza na "Mheshimiwa Spika, naomba nianze kwa kumpongeza…" na dakika zao zikakaribia kwisha kabla hoja haijaguswa. Kwa kuwa kimezoeleka hivyo, wengi hukitumia bila kukitazama. Ndiyo maana tunasikia kamati "anapongezwa", tunasoma barua za pongezi zisizosema mtu kafanya nini, na siku nyingine marehemu anapongezwa msibani.

Mwongozo huu ni kwa aliyepewa kalamu au kipaza sauti: katibu wa kikundi, mwalimu wa zamu, mwandishi wa habari wa mkoani, mshereheshaji, mwanafunzi anayeandika insha ya barua rasmi. Nitaanza na maana, kwa sababu makosa mengi ya sarufi na ya adabu huzaliwa hapo.

Pongeza, sifu na ndugu zake

Kumpongeza mtu ni kumjulisha kwamba umefurahia jambo jema alilolitimiza au lililomfikia. Kwa hiyo kitenzi hiki kinataka vitu vitatu: anayepokea, awe mtu au kundi la watu, jambo lenyewe, na jambo hilo liwe limeshatokea, au walau hatua yake imeonekana. Kikikosekana kimoja, kitenzi kinayumba.

Jaribio la haraka ni la mezani. Ukikaribishwa pilau iliyokolea, pilau unaisifu, mpishi unampongeza. Pilau haipongezwi kwa kuwa haikufanya kitu. Sifu haina masharti hayo. Unaweza kusifu mtu, nyumba, sauti, tabia, mandhari, hata jambo ambalo hakuna aliyelifanya kwa makusudi. Unaweza pia kumsifu mtu akiwa hayupo na asijue kamwe. Kumpongeza asiyejua kwamba amepongezwa ni jambo la ajabu kidogo, ndiyo maana pongezi hutumwa na kupokewa, na ndiyo maana tunasema "salamu za pongezi".

Kuna nafasi moja ambapo kinachopongezwa si mtu: tendo. "Tunapongeza hatua ya halmashauri kufungua kituo cha afya usiku" ni sentensi safi, na "hatua ya kupongezwa" imekaa vizuri katika magazeti na katika tamko la chama chochote. Nyuma ya tendo yupo mtendaji, kwa hiyo maana haijaharibika.

Mungu hapongezwi. Husifiwa, hutukuzwa, huhimidiwa. Zaburi ya 103 katika Biblia ya Kiswahili inaanza "Ee nafsi yangu, umhimidi Bwana", na Waislamu wanapofasiri mwanzo wa Al-Fatiha husema sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu. Himidi imetoka katika shina la Kiarabu lililotupa pia majina Muhammad, Ahmad na Mahmoud. Ni kitenzi cha ibada, nacho kibaki huko. Mtu akiandika kwamba wafanyakazi "wanamhimidi mkurugenzi", msomaji atacheka au atasikitika. Tukuza ina hatari ya aina nyingine. Ukisema "wanamtukuza kiongozi wao", tayari umewalaumu, hata kama hukukusudia, kwa kuwa umesikika ukisema wamemfanya zaidi ya binadamu. Kivumishi chake hakina tatizo hilo: "utumishi uliotukuka" ni maneno ya kawaida ya Kiswahili cha ofisini, ingawa yametumika mno hadi yamechujuka.

Enzi ndicho kitenzi kinachochanganywa zaidi na pongeza, hasa kwenye habari za watu mashuhuri. Kumuenzi mtu ni kuitunza heshima yake na kuyaendeleza aliyoyaacha. Watanzania humuenzi Mwalimu Nyerere kila tarehe 14 Oktoba, siku aliyofariki mwaka 1999. Tazama mpaka kati ya vitenzi hivi viwili kwa mwanariadha mmoja. Tarehe 8 Oktoba 2023 Kelvin Kiptum wa Kenya alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2 na sekunde 35, akaweka rekodi ya dunia. Siku hiyo kila mtu alimpongeza, na kitenzi kilikuwa mahali pake. Tarehe 11 Februari 2024 alifariki katika ajali ya gari akiwa na umri wa miaka 24. Tangu siku hiyo anaenziwa, anakumbukwa, rekodi yake inasifiwa. Kumpongeza hakuwezekani tena, kwa sababu hayupo wa kupokea. Anayesimama msibani akasema "tunampongeza marehemu kwa maisha mema" amekusudia heri, lakini kitenzi chake kimekosa mtu.

Tunuku si kusifu, ila hutembea pamoja na pongezi. Anayetoa nishani, shahada au tuzo anatunuku, anayepokea ametunukiwa, sisi wengine tunampongeza kwa kutunukiwa. "Abdulrazak Gurnah, mwandishi aliyezaliwa Zanzibar, alipongezwa kwa kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021." Vitenzi viwili, kazi mbili, hakuna kinachomwingilia mwenzake.

Hongera ni neno la kutamkia: "Hongera sana, mwanangu", na kwa wengi "hongereni". Linafaa mlangoni, kwenye simu, kwenye kadi ya harusi. Katika barua rasmi linaweza kufunga, lakini halibebi sentensi, maana "nakuhongera" haisikiki. Heko ni ndugu yake wa magazetini na kwenye mashairi. Wakenya wana kongole pia, nalo limezoeleka sana huko.

Halafu kuna sifia. Kwa asili ni sifu iliyopewa kiambishi cha kutendea, lakini mitaani imechukua rangi ya kuzidisha: "anamsifia tu yule" maana yake usimwamini. Kiswahili kina maneno mengi ya kuonya dhidi ya sifa za uongo. Kumvisha mtu kilemba cha ukoka ni kumsifu kwa asichonacho. Kujikomba, kujipendekeza, upambe, na siku hizi Tanzania uchawa, yote yanamwandama anayepongeza akitaka kitu. Barua yako itasomwa na watu wenye maneno haya tayari mdomoni. Kumbuka hilo tutakapofika kwenye sababu.

Kiambishi cha mtendwa

Hapa ndipo wengi huteleza wakiwa jukwaani. Mtendwa akiwa mtu, kiambishi chake hakiachwi: nampongeza mwalimu, nawapongeza wahitimu, nakupongeza wewe. "Napongeza mwalimu" huandikwa, na vichwa vya habari hukata viambishi ili kuokoa nafasi, lakini katika sentensi kamili sikio la mzoefu linasikia pengo.

Mtendwa akiwa taasisi, fuata ngeli ya jina la taasisi, si watu waliomo. Kamati: naipongeza. Wizara, timu, shule, halmashauri, serikali: naipongeza vilevile. Bunge, Jeshi la Polisi, shirika, baraza: nalipongeza. Chama, kikundi, kijiji, chuo, kikosi: nakipongeza. Mkoa, mfuko, uongozi, umoja: naupongeza. Anayesoma risala yenye taasisi tano mfululizo atabadilisha kiambishi mara tano, na ni vizuri aisome kwa sauti nyumbani kwanza, kwa sababu ulimi ukishashika "naipongeza" hauachi, na hapo ndipo tunapata "naipongeza Bunge".

Kama unataka kuwagusa watu waliomo ndani, wataje: "nawapongeza wajumbe wa kamati". Mara nyingi hii ni bora zaidi. Wajumbe wanasikia kwamba wao ndio wametajwa.

Kuhusu wingi wa nafsi ya pili: "nawapongeza" yaweza kuwa wao au ninyi. Ukiwa unazungumza na walio mbele yako na shaka inaweza kuingia, sema "nawapongezeni" na shaka imekwisha.

Maumbo mengine hayasumbui. Kutendwa: alipongezwa na kijiji kizima. Kutendana: wachezaji walipongezana baada ya kipenga. Kujitenda ni mjadala mdogo: taasisi inayoandika "tunajipongeza kwa mafanikio" inasikika vibaya, afadhali "tunajivunia" au "tunashukuru", kwa kuwa kujipongeza katika mazungumzo ya kawaida siku hizi ni kwenda kukaa mahali mkala na kunywa baada ya kazi nzito. Jina lake ni pongezi, la ngeli ya I-ZI: pongezi zangu, pongezi hizi. "Mapongezi" liache.

Kwa sifu, angalia umbo la kutendwa: ni sifiwa. Kutendeka ni sifika, nayo ina maana yake, kujulikana kwa jambo: Mji Mkongwe wa Unguja unasifika kwa milango ya kuchongwa. Na jina sifa limejipatia kazi ya pili kwenye matangazo ya ajira, "sifa za mwombaji", ambako halihusiani na kumsifu mtu yeyote.

Njeo

Unapopongeza, tendo linafanyika ndani ya maneno yenyewe. Kwa hiyo njeo yake, yaani wakati unaobebwa na kitenzi, ni ya wakati uliopo: nakupongeza, tunakupongeza. "Nimekupongeza" ni taarifa ya jambo lililokwisha. "Ningependa kukupongeza" imeenea pande zote za mpaka wa Kenya na Tanzania, na wanaoitumia wanadhani ni adabu. Kwangu mimi inaning'inia: ungependa, nini kinakuzuia? "Napenda kukupongeza" inatosha kwa adabu na haiachi mlango wazi. "Nachukua fursa hii kukupongeza" haina kosa la sarufi, lakini ikisikika kwa kila msemaji wa siku hiyo inageuka kuwa kelele. Iache kwa mgeni rasmi, ana haki ya kurefusha.

Mwandishi wa habari ana kanuni yake: kichwa hubeba wakati uliopo, "Rais ampongeza Kipyegon", na habari yenyewe hurudi kwenye wakati wake: "Rais amempongeza mwanariadha Faith Kipyegon kwa kushinda dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki ya Paris 2024, ikiwa ni mara yake ya tatu mfululizo."

Sababu: moyo wa pongezi

Tazama sentensi hiyo ya Kipyegon. Baada ya jina linafuata "kwa", na baada ya "kwa" linafuata jambo linaloweza kuhakikiwa: ameshinda nini, wapi, lini, na kwa nini ni kubwa kuliko ushindi wa kawaida. Uzito wote wa pongezi uko baada ya "kwa". Kabla yake ni itifaki.

Wengi hugeuza mambo. Wanajaza vielezi kabla ya "kwa" (kwa dhati, kwa moyo mkunjufu, kwa namna ya pekee, kwa unyenyekevu mkubwa), kisha wakifika kwenye sababu wanaweka "juhudi zako" na kumaliza. Juhudi gani? Methali inasema asifuye mvua imemnyea. Anayesifu awe na habari ya anachokisifu, na msomaji aione hiyo habari. Pongezi yenye tendo mahususi haitaitwa uchawa hata ikielekezwa kwa mkubwa, kwa kuwa tendo lipo na watu wanalijua. Pongezi ya jumla inaweza kutumwa kwa yeyote, na mpokeaji analijua hilo kabla hujamaliza kusoma.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika, jibu kwenye karatasi ya pembeni: alifanya nini hasa; katika hali gani, maana kazi ileile wakati wa mafuriko si kazi ileile; nani alinufaika. Ukishindwa kujibu swali la kwanza, muulize aliyekutuma uandike. Akishindwa naye, pengine mnachotaka ni kushukuru au kuaga, si kupongeza, na hizo ni barua nyingine.

Baada ya "kwa" weka kitenzi-jina (kwa kushinda, kwa kuteuliwa, kwa kufikisha) pale unapotaka tendo lionekane, au jina la kawaida (kwa ujasiri, kwa uaminifu) pale unapopongeza mwenendo. La kwanza lina nguvu zaidi. Ujasiri bila mfano unahitaji kuaminiwa. "Kwa kuingia kwenye darasa lililokuwa likiungua na kuwatoa watoto" haihitaji.

Usizidishe pia. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Jambo moja lililosemwa sawasawa linatosha barua nzima.

Nani anampongeza nani

Pongeza ina harufu ya kutathmini. Bosi akimpongeza mfanyakazi, mwalimu akimpongeza mwanafunzi, kijiji kikimpongeza muuguzi wake, hakuna linalogongana. Mdogo akimpongeza mkubwa uso kwa uso kwa kutamka "nakupongeza", panaweza kusikika kama mtoto anamwekea mzee alama ya vyema kwenye daftari. Kiswahili kina njia ya kupita hapo, nayo ni kubadilisha sentensi bila kubadilisha maana: "Tunaomba upokee pongezi zetu", "Naomba nikuletee salamu za pongezi kutoka kwa wafanyakazi wenzangu". Sasa mkubwa ndiye mwenye kupokea, na anaweza hata kukataa. Heshima imebaki kwake.

Kwa mzee wa familia, achana na urasmi kabisa. Baada ya shikamoo, "hongera babu, tumesikia" inatosha. Barua yenye "nakupongeza" kwa babu yako itasomwa kama barua ya benki.

Jina la heshima hutangulia kitenzi. Mheshimiwa kwa mbunge, diwani, waziri, hakimu. Mwalimu, Daktari, Profesa, Sheikh, Mchungaji kwa wenye vyeo hivyo. Ndugu kwa wengine wote katika ofisi za Tanzania, na Bwana au Bibi pale ambapo Ndugu haijazoeleka, kama Kenya.

Barua yenyewe

Umbo ni la barua rasmi yoyote: anwani ya mwandikaji, kumbukumbu namba kama ofisi inayo, tarehe, anwani ya mwandikiwa, maamkizi, kichwa cha barua. Tanzania kichwa huanza na YAH:, Kenya huanza na KUH: au MINTARAFU. Kichwa kitaje jambo: "PONGEZI KWA KUPANDISHWA CHEO" inafaa kuliko "PONGEZI" peke yake, hasa kwa mtunza majalada.

Tuchukue kamati ya afya ya kijiji inayomwandikia muuguzi wa zahanati. Rasimu ya aina inayopatikana ofisi nyingi husoma hivi:

"Husika na kichwa cha habari hapo juu. Ningependa kuchukua fursa hii adhimu kukupongeza kwa dhati kabisa kwa utendaji wako wa kazi uliotukuka na juhudi zako katika kuleta maendeleo ya sekta ya afya. Endelea na moyo huo huo. Mungu akubariki."

"Husika na kichwa cha habari hapo juu" ni amri, na barua ya kudai kodi huanza hivyo hivyo. Pongezi haianzi kwa kumwamuru mtu. Yaliyobaki yanaweza kwenda kwa dereva, kwa mhasibu, kwa bwana shamba, ukibadilisha neno moja. Sasa kamati imejibu yale maswali ya karatasi ya pembeni:

"Ndugu Muuguzi,

Kamati ya Afya ya Kijiji, katika kikao chake cha mwezi huu, imeazimia kukupongeza kwa kuendesha kliniki ya mama na mtoto kila wiki katika kipindi chote cha masika, wakati daraja lilipokatika na gari la dawa kushindwa kufika. Ulivuka mto kwa mtumbwi kufuata chanjo, na zikafika zikiwa bado na ubaridi unaotakiwa. Akina mama wa kitongoji cha ng'ambo wametuomba tukufikishie shukrani zao.

Nakala ya barua hii tumeipeleka kwa Mganga Mkuu wa Wilaya ili iwekwe katika jalada lako.

Tafadhali pokea pongezi zetu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Katibu, kwa niaba ya Kamati"

"Imeazimia kukupongeza" ni lugha ya muhtasari wa kikao. Inaonyesha kwamba pongezi ni za kamati nzima, na katibu hajajitungia. Shukrani zimetengwa na pongezi kwa makusudi: akina mama wanashukuru kwa walichopata, kamati inapongeza alichofanya. Ile nakala kwa mganga mkuu ina thamani kuliko vielezi vyote vilivyofutwa, maana mtumishi atakapoomba kupandishwa daraja, jalada ndilo litakaloongea. Kama hakuna wa kupelekewa nakala, usimzue.

"Wako katika ujenzi wa Taifa" ni mazoea ya Tanzania. Kenya wataandika "Wako mwaminifu", na hakuna ubaya wowote.

Jukwaani

Kwenye kipaza sauti sheria ni ileile ila fupi zaidi. Itifaki ikishazingatiwa, taja jina, taja tendo, kisha pongeza, kwa mpangilio huo. "Mwalimu wa zamu ya bweni alikaa macho na wagonjwa wa surua hadi wazazi walipofika. Mwalimu, tunakupongeza." Tendo likitangulia, watu wanapiga makofi wakijua kwa nini. Jina na pongezi vikitangulia, makofi yanalia kabla ya sababu na sababu inamezwa na vigelegele.

Ukiwa na orodha ndefu, usimpe kila mmoja sentensi nzima. Wataje kwa makundi na uchague wawili au watatu wa kusimuliwa. Walioachwa hawatanuna kama umesema waziwazi kwamba unatoa mifano.

Kujibu pongezi

Uso kwa uso, "asante sana, tumshukuru Mungu" inatosha, na anayejikana sana ("aa, si kitu") anamwacha aliyempongeza akiwa hana pa kuweka mikono yake. Barua rasmi hujibiwa kwa barua, ndani ya siku chache, kwa mistari miwili: "Nimepokea kwa shukrani pongezi za Kamati za tarehe iliyotajwa hapo juu. Kazi hiyo niliifanya pamoja na mhudumu wa afya ngazi ya jamii na wavuvi walioniazima mtumbwi, na nimewasomea barua yenu."